Mama Amekula Vizuri

Fundi alikuwa na kipimo chake cha watu, na kipimo hicho kilikuwa chini ya kibodi zao. Mtu utamwona barabarani amepiga pasi, ananukia, salamu zake zimenyooka. Pindua kompyuta yake, fungua skrubu kumi na moja za mgongoni, ndipo utajua umekuwa ukiongea na nani. Kwa miaka kumi na minne ya kutengeneza kompyuta katika chumba chake cha kupanga, alikwisha kutoa humo kucha zilizokatwa, miiba ya samaki, na mara moja jino bandia ambalo mwenyewe alikataa katakata kuwa ni lake. Hakuwa mwepesi wa kinyaa. Lakini kompyuta ya shemeji yake ilimfanya ainuke akafungue dirisha.

Mende walikuwa wameweka makao ndani ya feni. Si mmoja wala wawili. Ukoo mzima, wazima na makapi, mayai yamebandikwa kwenye kona kama punje za mchele wa kahawia. Chai ya maziwa ilikuwa imemwagika zamani, ikaganda chini ya vibonye, ikaota ukungu. Alivaa glavu, akafunga kitambaa puani, akaanza kupiga mswaki.

"Na huyu ndiye Nguzo," alisema kimoyomoyo.

Nguzo lilikuwa jina la familia kwa kaka wa mumewe, mwalimu wa chuo cha ualimu, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Alipachikwa jina hilo na dada yao mkubwa miaka mitatu nyuma, mama yao alipoanguka bafuni akavunjika nyonga na Nguzo akasema mbele ya wote, "Mama atakaa kwangu, msihangaike." Watu walilia siku hiyo. Tangu hapo, kila asubuhi saa tatu, kundi la familia kwenye simu lilipokea habari. Mama ameamka salama. Mama amekula vizuri. Mama anawasalimu mmoja mmoja. Mara nyingine kulikuwa na picha: mama ameketi kwenye kiti cha mikono, mtandio kichwani, kijiko cha uji mkononi. Ndugu walijibu kwa mioyo na vidole gumba, dada mkubwa akaandika kutoka mji wa mbali, "Mungu akuzidishie, Nguzo wetu," na fundi naye, akiwa na bisibisi mkono mmoja, akabonyeza moyo kwa mkono mwingine na kuendelea na kazi.

Juma lililopita habari zilikuwa zimefupika. "Mama salama." Basi. Dada mkubwa akauliza kama kachoka, naye akajibu kwamba kompyuta imekufa na kuandika kwenye simu kunamuumiza macho. Ndiyo maana aliileta asubuhi ile, kabla ya vipindi vyake.

"Tundu la chaji halishiki," alisema, akiiweka mezani kwa vidole viwili kana kwamba uchafu ule si wake. "Iliishiwa chaji siku nane zilizopita ikiwa wazi, ikazima. Shemeji, nitengenezee tundu, halafu unihamishie kila kitu kwenye diski mpya. Ya zamani inakokota miguu."

"Ulikuwa umefungua kazi yoyote? Kwa sababu ikiishiwa chaji siyo lazima—"

"Vilivyokuwa wazi vimeshapotea. Najua." Nguzo alikuwa mtu wa kukujibu kabla hujamaliza kuuliza. "Ile ya ofisini ni hivyo hivyo. Ukifunga kifuniko inasinzia, chaji ikiisha asubuhi hukuti kitu. Hakikuwa cha maana, hata sikukisevu. Paswedi hii hapa."

Akaandika paswedi kwenye karatasi, akaangalia saa, akaondoka.

Fundi alitaka kumwambia kwamba kompyuta zote hazilali usingizi mmoja, lakini mtu anayejua haambiwi. Ile ya ofisini kwake aliifahamu, aliitengeneza mwenyewe. Iliendeshwa na mfumo wa Linux, na aliyeuweka hakuitengea kwenye diski sehemu ya kumimina kumbukumbu, hivyo ilichojua ni kusinzia tu. Kusinzia ni kwamba mashine inazima kioo na feni lakini bado inanyonya umeme kidogo ili ikumbuke ulichofungua. Umeme ukikatika, kumbukumbu inayeyuka. Mac ya mumewe, ambaye alipiga na kuhariri picha za harusi, ilikuwa na tabia nyingine: ilisinzia, na wakati huohuo ikajiandikia nakala kwenye diski, kama mtu anayelala na daftari chini ya mto, hivyo chaji ikiisha haipotezi kitu. Nayo hii ya Nguzo ilikuwa ya Windows. Hiyo ikifungwa kifuniko husinzia kama wenzake, lakini ikihisi chaji inafika ukingoni, inaamka gizani bila kuwasha kioo, inamwaga kila kilichomo kwenye kumbukumbu ndani ya faili moja kubwa, kisha inajizima kabisa. Mafundi huita haibaneti. Unaweza kuitupa kabatini mwaka mzima bila betri. Siku utakayoipa umeme, inarudi neno kwa neno pale ulipoishia.

Kwa hiyo alipomaliza kusafisha, akabadilisha tundu na kuona taa ya chaji ikiwaka, hakushangaa kwamba kazi ya pili iligoma. Aliiwasha kwa flashi yake ya Linux ili anakili diski, na programu ikamkatalia: upande wa Windows umelala, hali si salama. Fundi mvivu angeifuta ile faili ya usingizi na kuendelea. Yeye hakupenda kumhamisha mtu nyumba akiwa amelala, vitu huvunjika. Njia safi ilikuwa moja: kuiamsha, kuizima vizuri, halafu kunakili. Akatoa flashi, akabonyeza kitufe, akaandika paswedi.

Kioo kikamulika, kikaonyesha saa sita na dakika tano mchana, na madirisha mawili yakajitokeza ubavu kwa ubavu kama yalivyoachwa.

Hakukusudia kusoma. Alikuwa na mwiko huo: macho ya fundi hayana kazi kwenye barua za watu. Mkono ulikuwa tayari unaelekea kufunga ile hati isiyo na jina, lakini jicho likaangukia neno Mama, na baada ya hapo tarehe.

"Tarehe 14. Mama ameamka na nguvu. Amekunywa uji wote, akaomba na kidogo cha ziada."

Leo ilikuwa tarehe kumi na nne. Kompyuta ilizima tarehe sita.

Fundi alivuta kiti. Akasoma chini. Tarehe 15, mama amelala vizuri, miguu haimsumbui. Tarehe 17, mama ameota jua uani na kutaja wajukuu wote kwa majina. Tarehe 19, mama hakutaka chai, akachekelea kwamba amechoka na sukari. Tarehe 22, mafua kidogo, msiwe na wasiwasi. Tarehe 27, siku yake ya kuzaliwa: mama amecheka mpaka machozi. Siku zote hadi mwisho wa mwezi zilikuwa zimejaa. Akapandisha juu, akakuta zilizopita, kila moja imeandikwa pembeni "imetumwa", na akazikumbuka, kwa sababu aliziwekea mioyo.

Chini kabisa kulikuwa na kichwa kingine: "Wakitaka kuja."

"Dada: mwambie daktari amekataza mihemko, video call zinampandisha presha. Mdogo: mwambie aje mwisho wa mwezi, ukifika mwisho wa mwezi mwambie mama yuko kliniki. Shemeji fundi: mafua yanaambukiza. Huyo anawaogopea sana watoto wake, hatakuja."

Na kweli hakwenda. Aliisoma ile sentensi mara tatu, na kila mara ilimpanda kooni kama mafuta yaliyochacha. Miezi miwili na nusu ilikuwa imepita bila kukanyaga nyumba ile, na kwa pikipiki ilikuwa robo saa tu.

Dirisha la pili lilikuwa na picha. Mama kwa mtandio wa bluu, mama kwa mtandio wa njano, mama kwa mtandio wa maua, thelathini na kitu. Kiti kilekile. Kijiko kilekile, uji uleule ukifanya utando. Nyuma ya mama kulikuwa na saa ya ukutani, na fundi akaanza kuifuata picha kwa picha: saa tisa na dakika kumi, saa tisa na dakika kumi na nne, saa tisa na dakika ishirini. Mwezi mzima wa maisha ya mama ulikuwa umepigwa mchana mmoja. Kwenye zile za mwisho kichwa cha mama kilikuwa kinaanguka pembeni, na kwenye ukingo wa picha mkono wa mtu mzima, wenye kifungo cha shati la kazini, ulikuwa umemshika kidevu.

Mende aliyenusurika alitoka kwenye tundu la flashi akakatiza juu ya kibodi. Fundi hakumuua. Alichukua simu akampigia mumewe.

"Ule ufunguo wa dharura wa kwa kaka yako, bado unao?"

"Upo kwenye droo. Kuna nini?"

"Lete. Tukutane kwake. Usimpigie."

Mumewe alifika kabla yake, amesimama mlangoni na kamera bado shingoni, kwa maana alikuwa ametoka kazini. Fundi alipomweleza wakiwa wanaingia, mumewe alisema, "Utakuwa umesoma vibaya," na akalisema kwa upole, kama mtu anayeomba.

Sebule ilikuwa safi. Vitambaa vya meza vimenyooshwa, vitabu vimepangwa kwa urefu. Kile kiti cha mikono kilikuwa pale chini ya saa, hakina mtu, kimefunikwa nailoni. Walipopita korido, harufu iliwapokea. Mlango wa mwisho ulikuwa na komeo, na komeo lilikuwa limefungwa kwa nje.

Mumewe alilivuta, akaingia hatua mbili, akarudi akiwa ameziba mdomo. Fundi alimsikia uani akitapika. Akaingia peke yake.

Pazia lilikuwa limefungwa. Kwenye godoro la chini, juu ya nailoni, alilala mama mkwe wake ubavu, mdogo kuliko alivyomkumbuka. Godoro lilikuwa limelowa, likakauka, likalowa tena, mpaka likafanya ramani. Bakuli la uji lilikuwa sakafuni, sisimizi wamelizunguka, juu yake utando wa kijani. Chupa ya maji ilikuwa imewekwa mahali ambapo mtu asiyeweza kugeuka asingeifikia. Nzi walikuwa wakitua kwenye gauni, usawa wa nyonga, mahali pamoja, na fundi alijua kabla ya kuinua nguo atakachokiona.

"Nani?" mama aliuliza.

"Mimi, mama. Mkwe wako, fundi."

"Usiwashe taa, mwanangu. Usinione hivi."

"Siwashi taa. Nafungua pazia kidogo tu, nikuone njia ya kukushika."

"Nilimwambia aniitie wewe. Akasema mna kazi."

Fundi alichemsha maji, akatafuta sabuni, akarudi. Mikono yake iliyozoea kuchokonoa makapi ya wadudu ilifanya kazi kwa utaratibu. Aliosha mapaja, akaosha mikunjo, akatupa kitambaa, akachukua kingine. Kwenye nyonga palikuwa na kidonda kinachoingia kidole, pembeni pameoza. Mara mbili ilimbidi ageuze uso kutafuta hewa, na mara zote mbili mama alisema, "Pole, mwanangu," kana kwamba yeye ndiye aliyemkosea.

"Kaka anakulisha lini?" mumewe aliuliza kutoka mlangoni. Macho yalikuwa mekundu.

"Asubuhi anaweka. Jioni anaondoa." Mama alifikiri kidogo. "Zamani alikuwa anakaa. Alikuwa ananisomea gazeti. Sijui lini aliacha."

Kwenye hospitali ya karibu, muuguzi alifungua bandeji ya muda aliyoifunga fundi, akakitazama kidonda. Kisha akauliza, "Anahudumiwa na nani nyumbani?" Mume wa fundi aliangalia sakafu. "Na sisi," alisema.

Saa kumi na moja jioni Nguzo alikuja kuchukua kompyuta yake. Fundi alikuwa amemwacha mumewe na mama hospitalini akarudi kumsubiri, maana hakutaka Nguzo amfikie mama kabla hawajazungumza. Hakuwa ameigusa mashine. Ilikuwa mezani, kioo kikimulika, hati iko wazi pale alipoishia.

Nguzo aliona kioo kwanza, ndipo akamwona yeye.

"Hii ilizima," alisema. "Ilizima kabisa. Umeitoa wapi?"

Katika yote ambayo mwanadamu angeweza kusema, hilo ndilo lililomtoka.

"Haikuzima. Ilijiandika yote kwenye diski kabla haijazima. Yako ya ofisini haifanyi hivyo, hii inafanya."

"Sikuisevu."

"Hukuisevu. Yenyewe ilisevu."

Nguzo alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa. Akalegeza tai. "Mmeingia nyumbani kwangu?"

"Mama yuko hospitali. Ana kidonda nyongani kinachofika karibu na mfupa. Shemeji, yule ni mama yako. Ulimshika kidevu ili umpige picha."

Nguzo aligeukia dirisha. Nje muuza vocha alikuwa akibishana na mteja. Nguzo alipoanza tena, sauti yake ilikuwa ya darasani, ya kupanga hoja.

"Mwaka wa kwanza nilimwosha mwenyewe. Kila siku, kabla ya vipindi. Mnajua kumwosha mama yako mzazi? Niliandika kwenye kundi, nikasema nimechoka, nani anaweza kumchukua hata mwezi. Nenda kasome. Mlinitumia mikono ya kuomba. Dada akaniandikia 'Nguzo wetu'. Nikaandika tena mwezi wa sita. Mikono ya kuomba. Nikaona kumbe mnachotaka ni habari njema, siyo mama. Basi nikawapa habari njema."

Fundi alizikumbuka zile jumbe. Aliikumbuka ile mikono. Mmojawapo ulikuwa wake. Lililomchukiza ni kwamba mtu huyu, pamoja na uvundo wote ule, alikuwa amesema jambo moja la kweli, na sasa angelibeba kama ngao.

"Hayo utawaambia ndugu zako, na watakusikia," alisema. "Mimi pia nitasema langu, kwamba sikuja. Lakini komeo uliliweka wewe. Na ulijua nini kitatuzuia kila mmoja wetu, ukakiandika kwa majina. Mtu aliyechoka haandiki hivyo."

"Nifutie," alisema Nguzo. "Ifute hiyo, shemeji. Nakuomba."

"Nitaizima vizuri, nihamishe diski, ndiyo kazi uliyonipa. Kabla ya kuizima nitaisevu hati hii."

Na akaisevu, mbele yake, akaipa jina la mama yao.

Ndugu walikutana siku ya tatu. Dada mkubwa alisafiri usiku kucha, akafika na kuisoma ile hati amesimama, na alipofika kwenye jina lake alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Hakukuwa na kupigana wala kulaaniana. Walizungumza kwa sauti za chini, kama watu waliokuta kitu kimeoza katika chungu walichokuwa wakila pamoja. Waliamua mama akitoka hospitali akae kwa fundi na mumewe, na kila mmoja awe na wiki zake za kuja, kwa mwili wake, siyo kwa simu. Mdogo alitaka Nguzo ashtakiwe. Mama alipoulizwa alisema, "Mkimfunga, nani ataniletea yule aliyekuwa ananisomea gazeti?" Jambo likabaki hapo, halijakwisha wala halijasamehewa.

Kidonda kilichukua miezi mitano kufunga. Fundi alihamishia meza yake ya kazi nyumbani, chumba cha pili, na mama alipendelea mlango uwe wazi ili asikie mlio wa bisibisi. Asubuhi moja alidai kuandika mwenyewe kwenye kundi. Hakuona vizuri, kwa hiyo alitamka na fundi akaandika.

"Andika: nimekula nusu. Uji ulikuwa mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo."

"Mama, nimeupika mimi."

"Ndiyo maana nataka wajue."

Dada mkubwa alipiga simu dakika hiyohiyo, akicheka na kulia, akauliza ni unga gani unatumika huko.

Nguzo alianza kuja mwezi wa tatu tangu mama ahamie, kila Jumapili saa nne, na gazeti kwapani. Alisalimia mlangoni, akavua viatu, akaketi kando ya kitanda akasoma kwa ile sauti yake ya darasani, matangazo ya vifo kwanza, maana mama aliyapenda hayo. Mama humsikiliza macho yamefumbwa, mkono juu ya goti lake. Wakati mwingine humgusa uso. Akichelewa, huuliza.

Fundi humpokea, kwa sababu ni mgeni wa mama. Humtengea chai, akamwekea kikombe kwenye kijimeza, akasema "Karibu, shemeji," na kutoka. Hajawahi kuketi naye kula. Amejaribu. Mume wake aliwahi kumwambia kwamba mtu hawezi kukaa na kichefuchefu miaka yote, na yeye akakubali kwamba huenda ni kweli, labda siku moja. Ila Jumapili ikifika, wakishaagana na lango likifungwa, hukichukua kile kikombe kwa vidole viwili, akakimwagia maji ya moto, akakisugua kwa mchanga, na bado hakirudishi kabatini pamoja na vingine.